Jicho la Barabarani

Wasafiri wa barabara kuu wana lugha yao, na maneno ya lugha hiyo si mengi. Honi fupi ni salamu, honi ndefu ni karipio. Taa ya kushoto ya lori lililo mbele yako, ikiwaka mahali pasipo njia panda, ni ruhusa ya kupita; taa yake ya kulia ni onyo kuwa kuna gari linakuja. Lakini hapana neno katika lugha hii lipendwalo kuliko lile la kuwasha na kuzima taa kubwa za mbele mara mbili au tatu, kumwelekea mtu usiyemjua wala hutamwona tena. Maana yake ni hii: Ndugu, punguza mwendo, mbele yako kuna askari mwenye tochi.

Tochi ni jina ambalo watu wa Tanzania wamekipa chombo cha mkononi cha kupimia mwendo wa magari. Chombo chenyewe hakitoi nuru ionekanayo kwa macho, lakini askari akishikaye husimama kama mtu amulikaye kitu gizani, na jina likashika. Anayemulikwa hajui kuwa amemulikwa mpaka asimamishwe na askari wa pili, aonyeshwe picha ya gari lake, na chini ya picha asome tarakimu za mwendo wake. Hapo hulipa shilingi 30,000 na kuendelea na safari, akinung'unika.

Kwa miaka mingi niliihesabu desturi hii ya taa katika mema ya nchi yetu. Hapa, nilisema moyoni, watu wasiojuana husaidiana bila ujira na bila kutazamia shukrani. Tajiri humwonya maskini, dereva wa basi humwonya mwenye gari bovu, wala hakuna aulizaye kabila au dini ya anayemwonya. Kila nilipolitamka neno hilo kwa taa zangu moyo wangu ulifurahi kama wa mtu aliyetoa sadaka ndogo. Insha hii naiandika kueleza jinsi furaha hiyo ilivyoniondoka, na fikira zilizokuja kukaa mahali pake.

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2019. Nilitoka Morogoro asubuhi kwenda Mikumi kwa shughuli ya nusu siku, peke yangu, katika gari dogo ambalo nililinunua kwa mkopo wa ualimu. Njia hiyo ni sehemu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam hata mpaka wa Zambia. Malori yaendayo Zambia na Kongo, mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea, magari madogo, pikipiki, baiskeli, ng'ombe na waendao kwa miguu hugawana lami moja. Vijiji vimejipanga kandokando yake kama shanga katika uzi, kwa kuwa penye magari pana wanunuzi wa nyanya, vitunguu na mkaa. Barabara huvilisha vijiji hivi, na barabara hiyo hiyo huvila.

Nilivipita vijiji viwili vilivyo karibu karibu, ambavyo majina yake nitayaacha. Cha kwanza hakikuwa na askari. Kabla ya kufika cha pili nilimulikiwa taa na lori, nikashukuru kwa mkono, nikashuka mpaka kilomita 50 kwa saa kama kibao kilivyoamuru, na kweli nikawakuta askari chini ya mwembe. Walinitazama, nami nikawatazama kwa utulivu wa mtu asiye na hatia. Nilipotoka kijijini nilianza kuilipa fadhili niliyotendewa. Niliyamulikia magari matatu yaliyokuwa yakija: basi, lori, na gari dogo jeupe lililokuwa likienda mbio sana. Dereva wa gari hilo alinyanyua kiganja chake, nami nikanyanyua changu. Tuliachana kama marafiki.

Nilirudi njia ile ile alasiri. Askari walikuwa wamekwisha kuondoka. Nilipofika katika kile kijiji kingine, kile ambacho hakikuwa na askari, nilikuta matawi mabichi yametandazwa barabarani na watu wengi wamesimama kimya. Nilishuka. Mtoto wa kike wa umri upatao miaka tisa alikuwa amegongwa kabla ya adhuhuri, na maiti yake ilikuwa imekwisha kupelekwa. Kilichobaki ni dumu la maji la lita tano, limepasuka, kando ya lami. Bomba la kijiji lilikuwa upande mmoja wa barabara, na nyumba ya wazazi wake upande wa pili. Watu walisema kwamba gari lilitoka upande wa magharibi, kwa kasi, halikusimama.

Mzee mmoja alinijia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye fikira zake hazipo. Kisha akauliza, "Mwanangu, naona watoka huko. Leo asubuhi hukukutana na gari dogo jeupe?"

Nilijibu, "Nimekutana na magari mengi, mzee."

Jibu hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa la aibu. Magari madogo meupe katika nchi yetu hayana idadi. Sikujua wakati ule, sijui sasa, wala sitajua kabisa, kama gari nililolimulikia lilikuwa ndilo lililomuua mtoto yule. Yamkini lilikuwa jingine. Lakini najua jambo moja. Lau ningaliziacha taa zangu, dereva wa gari lile jeupe angaliingia katika kijiji cha pili kwa mwendo aliokuwa nao, angalisimamishwa chini ya mwembe, angalionyeshwa picha yake, na angaliendelea na safari akiwa amepungukiwa shilingi 30,000 na amezidishiwa uangalifu. Badala yake alinyanyua kiganja, akapita mbele ya askari polepole, na alipojua kuwa hatari imekwisha akafungua mwendo. Hatari aliyoijua yeye ilikuwa askari. Hatari aliyoijua mtoto ilikuwa yeye.

Nilifika nyumbani jioni, wala sikumweleza mtu.

Katika siku zilizofuata nililisikia mara nyingi neno letu la kufariji: ajali haina kinga. Neno hili lina historia. Ajali tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliowekwa, ukomo wa jambo, na hasa ukomo wa maisha. Maana hiyo ingalipo katika Kiswahili: husemwa kuwa ajali ya fulani imefika, yaani saa yake imetimia. Kisha neno lilelile likatumika kwa gari lililopinduka na kwa mtoto aliyegongwa, na pamoja na neno ikaja fikira yake, kwamba jambo hili limekwisha kuandikwa, na mwanadamu hana mkono ndani yake. Sina ugomvi na imani ya kuwa siku za mtu zina hesabu. Faraja ya wafiwa ni kitu kitakatifu, na mtu asiiguse kwa mikono michafu. Lakini namwona kila asemaye kuwa ajali haina kinga akifunga mlango wake kwa komeo usiku, akimchanja mtoto wake, na akichemsha maji ya kunywa. Katika mambo hayo twajua kuwa kinga ipo. Barabarani tu ndipo tunapolisahau komeo na kulikumbuka andiko.

Nilichukua karatasi nikafanya hesabu, maana hesabu haina huzuni wala upendeleo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Liendalo kilomita 80 hupita mita 22. Dereva mzima wa akili na macho huhitaji kama sekunde moja tangu kuona jambo mpaka mguu wake kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari halijapunguza kitu. Baada ya hapo, katika lami kavu na kwa breki njema, gari la kwanza litasimama baada ya mita zipatazo 28 kwa jumla, na la pili baada ya mita zipatazo 58. Sasa mweke mtoto mwenye dumu la maji mita 40 mbele yao. Gari la kwanza litasimama, dereva atatukana, mtoto atakimbia, na jioni jambo lenyewe litakuwa limesahauliwa. Gari la pili litamfikia mtoto lingali katika mwendo upitao kilomita 50 kwa saa. Yaani wakati gari la kwanza limekwisha kusimama kimya, la pili lingali na mwendo wote ambao la kwanza lilianza nao. Tena nguvu ya pigo haiongezeki kwa kujumlisha, bali kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukizidi maradufu, pigo huzidi mara nne.

Nilipoitazama hesabu hiyo nilifahamu kuwa kibao cha 50 kilichosimama mwanzo wa kijiji si karipio la Serikali, wala si mtego wa kukusanyia fedha. Ni hesabu iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine kwa niaba ya dereva ambaye hatakuwa na nafasi ya kuifanya.

Lakini kibao hakina macho, na askari ana macho mawili tu. Askari huchoka, huona njaa, hunyeshewa mvua, na giza likiingia hurudi kwao. Tena ni mwanadamu, na mwanadamu ana huruma. Miaka miwili kabla ya siku ile mimi mwenyewe nilisimamishwa nikiwa nakwenda kilomita 71 mahali pa 50. Askari alisoma kitambulisho changu, akaniuliza nafundisha nini, nikamwambia Kiswahili. Akacheka akasema, "Nenda, mwalimu, lakini polepole." Nilimshukuru na kumsifu kwa wenzangu. Leo najiuliza: kama ningalikuwa utingo wa lori, au mchuuzi wa samaki mwenye pikipiki, angaliniuliza nafundisha nini? Msamaha ule ulikuwa zawadi kwangu, lakini haukuwa haki.

Ndipo nilipoanza kufikiri juu ya jicho la tatu, ambalo nchi nyingine zimeliweka barabarani kwa muda mrefu: kamera ijiendeshayo yenyewe.

Asili yake inastaajabisha. Mmoja wa waliotangulia kulibuni jicho hili alikuwa Mholanzi Maurice Gatsonides, aliyezaliwa katika kisiwa cha Java mwaka 1911. Hakuwa askari wala hakimu, bali dereva wa mashindano, na mwaka 1953 alishinda mbio mashuhuri za Monte Carlo. Alitengeneza chombo cha kupima mwendo wake mwenyewe katika kona, apate kujua jinsi ya kuzipita kwa kasi zaidi. Chombo kilichozaliwa ili mtu aende mbio ndicho kilichokuja kuwazuia watu wasiende mbio, na jina lake limebaki katika kamera za nchi nyingi. Sioni kinyume katika jambo hili. Mtu aliyetaka kweli kuujua mwendo aligundua kuwa hisia za dereva ni shahidi mwongo. Kila mmoja wetu hudhani kuwa anakwenda polepole kuliko anavyokwenda, hasa akiwa ametoka mahali pa mbio.

Namna ya kufanya kazi kwake si uchawi. Kamera za aina moja hurusha mawimbi yasiyoonekana. Mawimbi hugonga gari na kurudi yamebadilika kwa kadiri ya mwendo wa gari hilo, na badiliko hilo hupimwa. Nyingine hutegemea nyaya zilizozikwa katika lami, ambazo huhisi gari likipita juu yake. Aina ya tatu naipenda zaidi, kwa kuwa mtoto wa shule ya msingi aweza kuieleza. Kamera moja husoma namba ya gari mwanzo wa njia na nyingine huisoma mwisho wake, kisha umbali hugawanywa kwa muda. Njia ya kilomita 10 ambayo sheria yake ni kilomita 50 kwa saa haiwezi kumalizwa chini ya dakika 12. Atakayefika kwa dakika sita amekwenda kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa, na haidhuru kama alipunguza mwendo mbele ya kila jicho na kunyanyua kiganja chake kwa adabu. Dereva wa gari lile jeupe asingaliweza kulidanganya jicho la namna hiyo, wala mimi nisingaliweza kumsaidia kulidanganya.

Je, jicho hili huokoa watu? Mwaka 2010 wachunguzi waliopitia tafiti 35 kutoka nchi mbalimbali walitoa hukumu yao. Tafiti 28 kati ya hizo zilikuwa zimepima ajali zenyewe, na zote ziliona kwamba ajali zimepungua karibu na kamera, ingawa kiasi cha kupungua kilitofautiana sana. Ufaransa iliweka kamera yake ya kwanza ya namna hii mwezi wa Oktoba mwaka 2003. Mwaka 2002 watu zaidi ya 7,000 walikufa katika barabara za nchi hiyo. Mwaka 2006 idadi ilikuwa chini ya 5,000. Sisemi kuwa kamera peke yake ndiyo iliyofanya hayo yote, kwa maana Wafaransa walikaza mambo mengi kwa wakati mmoja. Lakini hapana mtu wa haki awezaye kuitazama tofauti hiyo na kusema kuwa ajali haina kinga.

Walakini Ufaransa hiyo hiyo yatufundisha somo la pili. Mwaka 2018 mwendo wa juu katika barabara nyingi za mashambani ulishushwa kutoka kilomita 90 hadi 80 kwa saa. Mwisho wa mwaka huo, watu walipoinuka kwa hasira ya bei ya mafuta na ugumu wa maisha, kamera zilifunikwa, zikapakwa rangi, zikachomwa moto, na zaidi ya nusu ya kamera za nchi nzima zikaharibiwa. Watu wale hawakuchukia uhai wa watoto wao. Walikuwa wameamini kuwa jicho lile si mlinzi bali ni mtoza kodi aliyejificha. Na jirani zetu wa Uganda waliyaona ya namna hiyo. Mwezi wa Juni mwaka 2025 walianzisha mpango wa kamera zitozazo faini zenyewe, na mwezi huo huo, baada ya malalamiko mengi juu ya ukubwa wa faini na uchache wa mwendo ulioruhusiwa, mpango ukasimamishwa.

Kwa hiyo wenye kulipinga jicho hili wana hoja, na si vyema kuwacheka. Wasema kwanza kuwa linapiga picha ya gari, si ya moyo wa mtu. Barua humfikia mwenye gari, na huenda aliyekuwa akiendesha ni shemeji yake. Wasema pili kuwa halizuii kosa wakati ule ule: askari humsimamisha mkosaji, lakini kamera humwacha aende na kumwandikia baadaye, na pengine kati ya picha na barua ameua. Wasema tatu kuwa fedha ni tamu, na atakayeionja ataziweka kamera penye magari mengi badala ya kuziweka penye makaburi mengi. Wasema nne kuwa halina huruma. Haliwezi kumtenga mlevi na mtu anayemkimbiza mkewe hospitali akiwa na uchungu wa kuzaa.

Hoja tatu za mwanzo naziona kuwa ni masharti, si makatazo. Mwenye gari aweza kupewa nafasi ya kumtaja aliyeendesha. Barua yaweza kutangulia mapema, na siku hizi simu ipo mkononi mwa kila mtu. Kamera yaweza kutangazwa kwa kibao kikubwa, kama Waswidi wafanyavyo. Bunge lao mwaka 1997 lilikubali kuwa lengo la nchi ni kufika mahali ambapo hapana mtu atakayekufa wala kuumizwa vibaya barabarani, na kamera zao wamezipa jina la kamera za usalama. Aliyeonywa kwa kibao na bado akaenda mbio hana wa kumlaumu. Na aliyeonywa akapunguza mwendo amelipa kila kitu tulichokuwa tukikitaka kwake. Jicho jema la barabarani ni lile ambalo mwisho wa mwezi halikukamata mtu. Kwa sababu hiyo hesabu ya fedha zake yapasa kuwekwa wazi mbele ya watu wote, pamoja na hesabu ya ajali za mahali pake, ili kila mtu aone ni ipi inayopungua na ni ipi inayoongezeka.

Hoja ya nne ndiyo iliyonisumbua usiku mwingi, kwa kuwa mimi ni mtu wa huruma, au nilijidhani kuwa hivyo. Je, twataka kweli ulinzi usio na huruma? Nimeifikiri hoja hii nikairudia, na kila mara fikira zangu hunipeleka chini ya mwembe. Askari alinihurumia mimi. Mimi nilimhurumia dereva wa gari jeupe. Huruma zote mbili zilikuwa za kweli, na zote mbili zilitolewa mbele ya mtu aonekanaye kwa gharama ya mtu asiyeonekana. Hapana aliyemwuliza mtoto mwenye dumu la maji kama amekubali kuitoa sadaka ile, maana iliyokuwa ikitolewa ni mali yake. Wema wetu wa taa ni wema wa waliomo garini kwa waliomo garini. Aendaye kwa miguu hana taa za kumulika. Huruma ina mahali pake, na mahali hapo ni mbele ya hakimu, ambako mtu mwenye mke mgonjwa aweza kueleza habari yake na kusikilizwa. Mahali pake si katika kipimo. Mizani ya sokoni ikianza kuwahurumia baadhi ya wanunuzi, wengine wataibiwa.

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Walisema hivyo kwa kuonya, kwamba jicho huona hata lisilopasa kuona, na onyo hilo lafaa kukumbukwa na kila serikali ipendayo kuweka macho mengi njiani. Jicho lililowekwa kupima mwendo lipime mwendo. Lisigeuzwe kuwa la kuwapeleleza watu nani amekwenda kwa nani na saa ngapi. Picha ya asiye na kosa ifutwe.

Tena nisije nikadhaniwa kuwa nimeliabudu jicho hili. Kama ningalipewa fedha za kamera moja kwa ajili ya kijiji kile, nafikiri ningaliyavusha maji kwanza. Bomba la pili upande wa pili wa barabara lingaliwaondolea watoto safari nyingi kila siku. Matuta mawili yangalimlazimisha kila dereva, aonwe au asionwe. Kamera hufaa mahali ambapo njia ni ndefu na matuta hayawezekani, mahali ambapo mwendo wenyewe ndio adui. Ni mlinzi, si mjenzi, na nyumba iliyojengwa vibaya haiponi kwa kuongezewa walinzi.

Mbele kidogo ya vijiji vile barabara hupita kati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Humo nimeona bao lililoorodhesha wanyama, na mbele ya kila mnyama faini ya mtu atakayemgonga. Twiga ana bei yake, nyati ana bei yake. Siwaonei wivu wanyama. Nafurahi kuwa wamehesabiwa. Nimeona pia kuwa madereva hupunguza mwendo wakilisoma. Lakini kila nipitapo hapo nakumbuka kuwa kilomita chache nyuma kuna mahali ambapo hapana bao lolote, na ambapo gari jeupe lilipita bila kusimama.

Ningali napita njia ile mara mbili au tatu kwa mwaka. Yule mzee sikumwona tena, na jibu nililompa halijarekebishwa ila kwa maandishi haya, ambayo huenda hatayasoma. Bomba lingali upande ule ule. Nipitapo kijiji cha pili na kuwaona askari chini ya mwembe, kisha nikaona magari yakija mbele yangu kwa kasi, mkono wangu bado hunyanyuka wenyewe kuelekea taa, kwa kuwa mazoea ni mazito. Huurudisha katika usukani.

Lakini lugha ya taa sikuiacha kabisa. Nikifika katika kile kijiji cha kwanza na kuwaona watoto kandoni mwa lami na madumu yao, huwamulikia wote wanaokuja, mabasi, malori na magari madogo, mara mbili, mara tatu. Hupunguza mwendo mara moja. Katika kioo huwaona wakitembea polepole, wakimtafuta askari huku na huku, wasimwone. Bila shaka wako walionitukana kuwa ni mwongo. Nalipokea jina hilo, kwa kuwa wakati wanaponitukana watoto huwa wamekwisha kuvuka.